Kabla ya Makofi, Tupige Nyundo

Picha ile ilipata pongezi nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Fremu ya mabomba ya chuma, imepigwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, imekaa juu ya matofali manne uani kwa bibi yangu, Ilala. Gari la mbio la kiti kimoja, au tuseme mifupa yake. Watu wa darasani walianza kuniita injinia kabla hata sijafanya UE za mwaka wa tatu. Mmoja aliandika, "Vipaji tunavyo, tatizo hatuungwi mkono." Nilifurahi, nisiseme uongo.

Jumamosi iliyofuata tuliinyanyua watu sita ili tuigeuze, tumalizie kuchomelea upande wa chini. Haikufika hata kiunoni. Ikalia "ka!" na kiungo kimoja kikaachia. Hakuna aliyeumia. Lakini kiungo chenyewe kilikuwa cha nyuma ya kichwa cha dereva, pale panapokaa tao la kumkinga gari likipinduka. Yaani bomba ambalo kazi yake ni kubeba gari zima likiwa miguu juu, lilishindwa kujibeba likiwa mikononi mwa watu sita. Na wiki nzima tulikuwa tunalipigia makofi.

Ndiyo maana naandika. Msimamo wangu ni huu: wanafunzi tuendelee kujenga fremu majumbani, tena tujenge zaidi ya hapa. Lakini tuache kupongezana kwa picha. Fremu ipongezwe ikishapimwa, na ili ipimwe sawasawa, chuo na mafundi wa Gerezani lazima wakutane kazini, siyo kwenye hotuba.

Tuanze na bomba lenyewe

Wengi wameniuliza kwa nini mabomba, kwa nini nisinunue chesisi kuukuu ya pikapu nikakata. Chesisi ya pikapu au lori ni kama ngazi: mihimili miwili mirefu na vipande vinavyokatiza. Inabeba mzigo vizuri, ila ni nzito, na ukiishika huku na huku ukaisokota, inasokoteka. Gari la mbio linataka kitu chepesi kisichosokoteka kwenye kona.

Hapo ndipo bomba linaposhinda. Chukua nondo ya mm 12, ile iliyojaa kila duka la vifaa vya ujenzi. Kisha chukua bomba la kipenyo cha mm 25.4 lenye ukuta wa mm 1.65. Mita moja ya kila kimoja inakaribia kilo moja. Hupati tofauti kubwa mkononi. Lakini kwenye kupinda, bomba lile ni gumu zaidi ya mara saba ya nondo. Chuma ni kile kile, uzito karibu ule ule. Tofauti ni kwamba chuma kimekaa mbali na katikati. Hili tunalisoma kwenye nguvu za vitu, tunalidesa, tunafaulu, tunasahau.

Jambo la pili ni pembetatu. Chukua vijiti vinne vya mishikaki, vifunge kona kwa raba upate mraba. Sukuma kona moja, mraba unalala. Ongeza kijiti cha tano cha mshazari, haulali tena. Fremu ya mabomba siyo kitu kingine zaidi ya hapo, ila ni ya pande zote. Kila bomba linavutwa au linasukumwa kwa urefu wake, halipindwi. Na uzito unaingia kwenye kiungo, siyo katikati ya bomba. Mimi kwenye fremu ya kwanza niliweka kishikio cha shokapu katikati ya bomba kwa sababu hapo palikuwa na nafasi. Mhadhiri yeyote angenikata alama. Hakuna aliyenikata, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Hata wakubwa wameheshimu sheria hii mpaka imewabadilishia sura ya gari. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ina milango inayofunguka kwenda juu kama mabawa. Wengi tunadhani ni mbwembwe. Ukweli ni kwamba fremu yake ya mabomba ilipita juu sana ubavuni, mlango wa kawaida haukuwa na pa kukaa. Wahandisi wakaona heri wabadilishe mlango kuliko kukata mabomba.

Na kujenga nyumbani si wazimu wa Ilala peke yake. Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu cha kufundisha mtu wa kawaida kujenga gari la michezo kwa pauni 250, kwa fremu ya skwea paipu ya inchi moja, akifuata mtindo wa Lotus Seven ya mwaka 1957. Watu walijenga magari hayo kwenye mabanda ya nyumba zao. Kwa hiyo mtu asikuambie jambo hili ni la viwanda tu.

Kariakoo inauza kila kitu, isipokuwa uhakika

Unashuka mwendokasi kituo cha mwisho Gerezani, na ndani ya nusu saa ya kutembea unaweza kununua karibu gari zima kwa vipande: usukani, beringi, shokapu, boliti za saizi zote, diski za grenda, vijiti vya kuchomelea. Sijui chuo gani kina stoo ya namna hiyo. Nilimaliza sehemu kubwa ya bumu pale ndani ya siku mbili.

Shida ilianzia kwenye bomba. Nilisema nataka bomba la inchi moja, ukuta mm 2. Muuzaji akasema lipo. Nikalipa, tukafunga juu ya guta, tukaenda nalo. Nyumbani nikapima kwa kalipa: ukuta mm 1.4. Tena kipenyo cha nje hakikuwa mm 25.4 bali karibu mm 34. Kosa la kipenyo lilikuwa langu. Bomba la maji "la inchi moja" linaitwa hivyo kwa tundu la ndani, na kwa nje lina mm 33.7. La nusu inchi kwa nje lina mm 21.3. Mabomba ya fanicha yenyewe huitwa kwa kipenyo cha nje. Jina moja, vitu viwili. Mimi nilichora kwenye kompyuta kitu kimoja, nikanunua kingine, na mchoro wote ukawa hadithi.

Kuna na jambo la afya. Bomba la maji lina koti la zinki. Ukilichomelea bila kulikwangua koti hilo, linatoa moshi mweupe ambao ukiuvuta, usiku unapata homa na kutetemeka. Niliamka usiku nikadhani malaria, asubuhi nikaenda kupima, hamna kitu. Fundi aliponisikia alicheka, akasema wao wanaijua homa hiyo miaka yote. Kumbe ina jina kwenye vitabu vya afya kazini, na kinga yake ni kukwangua zinki, kufanya kazi penye upepo na kuvaa kinga ya kupumulia inayofaa. Yeye alijua ugonjwa, mimi nilikuwa na kitabu chenye kinga. Hatukuwa tumeongea.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, bure kabisa: nenda dukani na kalipa mfukoni. Pima mbele ya muuzaji, pima ncha zote mbili. Hakuna atakayekasirika. Wengi wao wenyewe hawajawahi kupima. Wanauza walivyoambiwa na waliowauzia.

"Hukuniambia mtu atakaa ndani"

Kiungo kilipoachia, nilikwenda kwa fundi nikiwa nimefura. Ana kibanda chake pembeni mwa Gerezani, anatengeneza mageti, grili za madirisha na maguta. Mkono wake ni mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyemwona kwenye karakana ya chuo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, dogo. Mbona uso hivyo?"

Nikampa kipande kilichoachia. Akakigeuza, akakiangalia kwenye mwanga. "Hiki hakikushika. Kiligandishwa tu." Akanionyesha: ncha ya bomba ilikatwa wima, ikagusa bomba lingine pembeni tu, katikati pakabaki mwanya wa kupitisha kidole. Chuma cha kijiti kikaziba mwanya kama gundi. Kwa juu kiungo kilionekana kinene, kizuri, na grenda ilikilainisha kikang'aa. Chini yake palikuwa hewa.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Jibu lake sijalisahau. "Wewe uliniletea vipande umekata mwenyewe, ukaniambia niunganishe. Hukuniambia mtu atakaa ndani. Mimi nikajua ni la maonyesho ya chuo."

Nilinyamaza. Alikuwa sahihi. Nilimpa kazi kama mtu anayeagiza stendi ya maua. Sikumwonyesha mchoro, sikumwambia bomba lipi linabeba nini, sikumuuliza maoni. Nilidhani mimi ndiye ubongo na yeye ni mkono. Kumbe mkono ule ulikuwa na majibu ambayo ubongo wangu haukuwa nayo. Alinifundisha siku hiyo hiyo kukata mdomo wa samaki: unazungusha karatasi kwenye bomba, unachora mkunjo, unakata kwa grenda mpaka ncha ikumbatie bomba lenzake bila mwanya. Alinifundisha kushikiza viungo vyote kwa nukta ndogo kwanza, kisha kumalizia kwa kuruka huku na huku, kwa sababu ukimaliza upande mmoja mfululizo joto linavuta fremu nzima inakuwa mshazari.

Na mimi nilikuwa na cha kumpa. Nilimweleza kwa nini vijiti vya 7018 vinataka kukaa pakavu, na kwamba kwenye unyevunyevu wa Dar, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa wazi wiki nzima imeshapoteza sifa yake. Akasema, "Ndiyo maana zile zilikuwa zinanisumbua." Tangu siku hiyo anazihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, na kabla ya kazi ngumu anazikausha kwanza.

Kupima siyo anasa

Huko Marekani, tangu mwaka 1981 kuna mashindano ya wanafunzi wa vyuo yanayoitwa Formula SAE. Wanafunzi wanabuni gari dogo, wanalijenga, wanalikimbiza. Watu huona mbio, lakini kinachonivutia mimi ni ukaguzi. Kanuni zinasema tao kuu, likiwa la chuma, liwe la bomba la mm 25 kwa nje na ukuta wa mm 2.5, au mm 25.4 kwa 2.4. Mabomba ya ubavuni yanaruhusiwa kuwa membamba zaidi. Timu inapeleka hesabu za fremu kabla ya kufika uwanjani, na gari linalazwa kwenye meza inayoinama hadi nyuzi 60 kuona kama litapinduka au kuvuja. Hujapita ukaguzi, hukimbii. Hakuna anayejali picha yako ilipata pongezi ngapi.

Kwenye magari ya rally, ambayo sisi tunayajua zaidi maana Afrika Mashariki ina Safari Rally tangu mwaka 1953, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, linataka tao kuu liwe bomba lisilo na mshono la mm 45 kwa 2.5, au mm 50 kwa 2.0. Bomba la kawaida la dukani huwa na mshono. Sasa jiulize ni wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza muuzaji swali hilo.

Na kupima hakuhitaji mamilioni. Fremu yetu ya pili tuliijenga hivi. Kabla ya kugusa fremu, tulichomelea viungo kumi vya majaribio kwa mabomba yale yale na vijiti vile vile. Tukavibana kwenye jiriwa, tukavipiga nyundo ya kilo tano mpaka vikavunjika. Kikivunjikia kwenye bomba, vizuri. Kikivunjikia kwenye mshono, unaangalia ndani kama chuma kiliyeyuka mpaka chini. Vinne vya kwanza vilifeli, vyote vya kwangu. Vya fundi vilipita vyote.

Fremu ilipokamilika tuliisokota. Tulifunga nyuma isitikisike, mbele tukaiegemeza kwenye kipande cha bomba katikati ili iweze kuzunguka, tukafunga mtaimbo wa mita moja kwenda pembeni. Rafiki wa kilo 60 akaning'inia kwenye ncha. Hiyo ni karibu nyutonimita 590. Ncha ya fimbo ya kupimia, nayo ya mita moja, ikashuka kama mm 9, yaani nusu digrii. Kwa hiyo fremu inataka karibu nyutonimita 1,180 kusokotwa digrii moja. Si kipimo cha maabara, ila ni namba. Ukiongeza bomba la mshazari unapima tena, unaona kama lilistahili uzito wake. Jioni ile nilijifunza zaidi ya muhula mzima.

Kilichotushinda ni kuvuta bomba lenyewe mpaka likatike ili tujue nguvu ya chuma tulichouziwa. Hiyo inataka mashine, na mashine iko chuoni. Niliambiwa ni ya vipindi tu.

Watakaopinga

Wa kwanza atasema huu ni mchezo wa watoto wa matajiri. Bibi yangu hayuko mbali na maoni hayo. Taa zilipokuwa zinakonyeza kila nikiwasha mashine, alisema, "Mjukuu wangu, hilo dude lako linakula Luku kuliko friji." Nakubali, gari la mbio siyo hitaji la Mtanzania. Lakini angalia kinachopita mtaani: guta limebeba magunia mpaka fremu imebonyea, kiti cha magurudumu kimeungwa mara tatu, bajaji ina paa la mabomba juu ya abiria watatu. Yote hayo ni mabomba na viungo. Aliyejifunza kwenye gari la mbio kwamba uzito uingie kwenye kiungo, atajenga guta lisilobonyea.

Wa pili atasema ni hatari, chuo kikiruhusu kitalaumiwa. Hatari ipo tayari, bwana. Iko uani kwa bibi yangu, haina mkaguzi. Kukataa kupima hakuondoi fremu, kunaondoa kipimo tu. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa hapa Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Jengo si gari, na sitaki kulinganisha msiba na mchezo wangu. Ila kila anayesomea kujenga kitu ambacho mtu atakaa ndani yake, alipaswa kulala macho usiku ule.

Wa tatu atasema mafundi hawana vyeti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Na viungo kumi nilivyoeleza havikuuliza nani ana cheti.

Majirani zetu wameshatuonyesha njia, nzuri na ngumu. Makerere walitoa Kiira EV mwaka 2011, gari la umeme lililojengwa na wanafunzi na walimu wao. Kenya, Mobius walijenga gari la fremu ya mabomba ya chuma kwa ajili ya barabara mbovu, lakini mwaka 2024 wakatangaza kufunga. Hapa kwetu, Machi 2022, Masoud Kipanya alizindua gari dogo la umeme. Kila mara tunapiga makofi, kisha tunarudi kwenye desa. Makofi hayajawahi kumfundisha mtu kukata mdomo wa samaki.

Ninachoomba

Kwa serikali ya wanafunzi: mnapodai mambo ya bweni na bumu, ongezeni dai moja dogo. Maabara ya vipimo ifunguliwe Jumamosi mbili kwa mwezi kwa mwanafunzi yeyote mwenye kipande cha bomba na mchoro.

Kwa walimu wetu: ruhusuni fremu iwe mradi wa mwaka wa mwisho, na fundi wa mtaani aitwe karakana kama mwalimu, alipwe kama mwalimu mgeni anavyolipwa. DIT na Kariakoo ni mwendo wa miguu tu. Vyuo vingine ni nauli ya mwendokasi.

Kwa wenzangu mnaojenga uani: pimeni bomba dukani, pimeni na mlango wa nyumba kabla hamjaanza, maana fremu yetu ya kwanza ilitoka kwa kulazwa ubavu na kuondoa rangi ya korido. Mwambieni fundi ukweli kwamba mtu atakaa ndani. Na mtu asikae ndani mpaka mmeshindwa kuivunja.

Fremu yetu ya pili bado haina injini na bado hakuna picha yake. Tunasubiri mashine. Siku ukiona ya mwenzako mtandaoni, usianze na pongezi. Muulize kwanza: mmevunja viungo vingapi?